Mtoto wa wifi kapata degedege baada ya chanjo niliyochoma mimi, nimeambiwa nisijaze fomu

BARUA

Shangazi shikamoo. Naomba usitoe jina langu wala la zahanati wala la kijiji, we sema tu niko Moshi huku juu kwenye migomba inatosha, maana huku watu wanajuana mpaka rangi ya ndoo.

Mi ni muuguzi, nina miaka 31, nimeolewa na nina watoto wawili. Nafanya kazi kwa mkataba sio ajira ya kudumu, mkataba unaisha mwezi wa sita na anayeandika pendekezo la kuongezewa ni mfawidhi wetu, mkuu wa zahanati. Sitaki umuone mbaya. Ni mzee mzuri tu, ndo alinipokea nikiwa sijui hata kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za zahanati, kinajazwaje, na mwaka juzi mwanangu alipobanwa na kifua usiku yeye ndo alitoa gari lake. Nayasema haya mwanzoni ili huko mbele unielewe.

Sasa iko hivi. Kwenye kihamba, shamba la ukoo wa mume wangu, tunaishi na mama mkwe pamoja na wifi yangu, kitinda mimba wao. Wifi alijifungua mwaka jana, baba wa mtoto yuko Dar anatuma hela akikumbuka. Kliniki alikuwa mzito kwenda tokea mwanzo, sio kwamba anapinga, ni ule uvivu wa kushuka kilima halafu mama mkwe naye ana maneno yake kuhusu masindano. Mi ndo nilikuwa namsukuma kila mwezi. Mtoto alipofikisha miezi 9 nikamwambia njoo Jumanne, maana kwetu surua ni Jumanne, chupa moja ni dozi 10 na ukiifungua kwa mtoto mmoja utamwaga iliyobaki, kwahiyo huwa tunawakusanya. Siku hiyo walikuja 8. Wa kwetu nilimchoma wa tatu au wa nne, akalia, akapewa ziwa, akanyamaza. Nikamwambia wifi yale yale tunayowaambia wote, "anaweza kuchemka leo au kesho, mpe panado ya maji, usimfunike sana". Basi. Foleni ilikuwa ndefu.

Leo hakuchemka, kesho hakuchemka, wifi mpaka akanitania, "wifi mbona sindano yako haina nguvu".

Siku ya tisa, Alhamisi, jioni mtoto akachemka. Wifi wala hakuniita, kwenye akili yake homa ya chanjo ilishapita, akasema ni meno. Saa nne usiku nikasikia ukelele. Nimeingia nakuta mtoto amekakamaa, macho yamegeuka juu, mkono wa kushoto unachezacheza wenyewe, povu mdomoni, mama mkwe yuko mlangoni anamwita jirani alete dawa ya kufukiza. Nikamlaza ubavu nikaangalia saa kwenye simu. Ilikata ndani ya dakika tatu lakini Shangazi dakika tatu zile we acha tu. Tukapanda boda watu watatu na mtoto mpaka hospitali mjini. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Akalazwa siku mbili, akaruhusiwa, sasa hivi ni wiki mbili zimepita na anatambaa anavuta vyombo vyote mezani kama hajawahi kuumwa.

Ile karatasi ya kuruhusiwa wameandika kwa kizungu, degedege la homa, halafu pembeni neno chanjo, halafu alama ya kuuliza. Wifi kaikunja kaiweka ndani ya kadi ya kliniki. Hajaisoma, ila ana form four yule, sio mjinga.

Jumatatu nikamuonyesha mfawidhi picha yake kwenye simu nikamwambia mtoto alilazwa, nadhani inabidi tujaze fomu ya tukio baada ya chanjo. Akaitazama muda. Akasema siku tisa zimepita hiyo sio chanjo, waambie ni malaria. Nikamwambia kipimo kilikuwa safi. Akasema hiyo alama ya kuuliza ndo inatuokoa, hata wao hawana uhakika, we unataka kuwa na uhakika kuliko daktari? Halafu akashusha sauti, "ukijaza ile fomu divo anakuja, na divo akija cha kwanza anafungua friji". Divo ndo ofisa wa chanjo wa wilaya.

Hapo nikaelewa. Shangazi, wikiendi kabla ya ile Jumanne umeme ulikatika kuanzia Ijumaa usiku ukarudi Jumapili jioni na hakuna aliyekwenda kuangalia. Jumatatu kile kitabu cha joto la friji kikajazwa asubuhi na jioni kama kawaida, nyuzi 4, nyuzi 4, nyuzi 5, nyuzi 4. Kajaza yeye. Lakini saini moja hapo ni yangu.

Jioni ile ile wifi akanifuata jikoni, akasema wifi niambie ukweli, ni ile sindano? Nikamwambia hapana, ni malaria. Nilikuwa namenya ndizi, sikumtazama.

Sasa kwenye grupu la wasap la jumuiya kuna voisi noti inazunguka, sijui kaanzisha nani, inasema kuna mtoto "kaharibiwa ubongo na sindano ya bure". Jumanne iliyopita walikuja watoto wawili tu, na mmoja ni wa mwalimu mgeni hajui maneno ya huku. Mama mkwe amesema mjukuu wake hachomwi tena, hata ile ya miezi 18 tusahau. Mume wangu anasema nyamaza, mtoto si kapona, usichezee kazi. Mi silali. Nijaze ile fomu nimchome mgongoni mtu aliyenisaidia, na chanjo ndo iharibike jina kabisa huku kwetu? Nimwambie wifi kwamba nilimdanganya? Au nikae kimya ipite?

Muuguzi wa migombani

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya zile dakika tatu kwanza, halafu pole ya haya mengine. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara ya tatu nilienda nayo kwa rafiki yangu mmoja hapa Arusha, mama mstaafu aliyefanya kazi ya chanjo miaka mingi, nikaificha ile sehemu ya juu asijue unatoka wapi. Kwahiyo humu kuna maneno yangu na kuna ya kwake, ya kitaalam ujue ni ya kwake.

Ngoja nikurudishie ulichosema uone kama nimekusikia. Ulimchoma mtoto, siku ya tisa kapata degedege la homa, kalazwa, kapona. Hospitali wameweka alama ya kuuliza. Bosi wako hataki alama hiyo isafiri, na sababu yake sio mtoto, ni friji. Wewe una saini kwenye kitabu cha friji. Mzazi kakuuliza swali la moja kwa moja ukamjibu uongo, na mzazi mwenyewe mnachota maji ndoo moja. Na juu ya yote kijiji kimeshaanza kujieleza chenyewe bila nyie. Hayo ni mambo kama manne matano tofauti na nadhani usingizi unakosa kwa sababu umeyafunga fundo moja. Tuyafungue.

Tuanze na hizo siku tisa. Rafiki yangu alipofika hapo alicheka kidogo, sio kwa dharau. Anasema mfawidhi wako anazitumia siku tisa kuiachia huru chanjo, kumbe kwa chanjo ya surua hizo hizo siku tisa ndo zinaifanya iwe ya kuulizwa. Surua ni chanjo hai, kile kirusi kimedhoofishwa lakini kinazaliana kwanza mwilini taratibu ndo mwili unashtuka, kwahiyo homa yake haiji leo na kesho, inakuja kuanzia kama siku ya 7 mpaka ya 12, na watoto wengine wanatoka na vipele. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa surua, 5 mpaka 15 wanachemka namna hiyo. Na mtoto wa umri ule akichemka ghafla anaweza kupata degedege, hata kama kilichomchemsha ni mafua. Degedege la homa kwa ujumla linawapata watoto 2 mpaka 5 kati ya 100 kabla hawajafika miaka mitano. Linalokuja na homa ya chanjo ya surua ni kama mtoto 1 kati ya 3,000 hivi, na la aina hiyo, fupi, mtoto anaamka na kuendelea kama kawaida, haliachi ubongo umeharibika. Wa kwenu anavuta vyombo mezani, si ndio.

Sasa je, ni chanjo au ni kirusi kingine kilichopita siku hiyo hiyo? Kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kuapa, wala wewe, wala mfawidhi, wala daktari wa mjini, ndo maana akaweka ile alama ya kuuliza. Na hapa naomba nikuguse taratibu: kwenye barua yako kila ulipoandika fomu umeiandika kama vile ni hati ya mashtaka. Eti kumchoma mtu mgongoni. Ile fomu haisemi chanjo imefanya. Inasema tukio limetokea BAADA ya chanjo, basi. Daladala ikifia pale Kiboriloni baada ya wewe kupanda haina maana umeiharibu wewe, lakini kama kila Jumanne inafia pale pale fundi atataka kujua. Kuamua ni baada ya au ni kwa sababu ya, hiyo ni kazi ya watu wengine huko juu, wanakaa na faili zima, wanauliza kama kuna ugonjwa mwingine, kama ni dawa yenyewe, kama ni makosa ya kuchanganya au kuhifadhi, kama ni hofu tu ya sindano, au ni bahati mbaya ya tarehe kugongana. Mtoto aliyelazwa anahesabika tukio kubwa hata kama amepona siku ya pili. Hivyo ndivyo taratibu zilivyo, sio ukali wa mtu.

Rafiki yangu akanipa mfano ambao sikuwa naujua. Marekani mwaka 1998 walipitisha chanjo ya matone ya rota, ile ya kuzuia kuharisha. Kwenye majaribio ilionekana nzuri. Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, wakawa wameshapokea taarifa 15 za watoto ambao utumbo ulijikunja ukaingia ndani ya utumbo mwenyewe. Kumi na tano tu, nchi nzima ile. Wakasimamisha, wakachunguza, ikaja kuonekana ni kweli, kama mtoto 1 kati ya 10,000, na mwezi wa kumi ikaondolewa sokoni. Chanjo mbili za rota zilizofuata zikajaribiwa kwa watoto zaidi ya 60,000 kila moja kwa sababu ya lile somo, na hizo ndo kizazi cha matone mliyoanza kuwapa watoto hapa nchini 2013. Mi nilichokuwa nafikiria akisimulia ni wale watu 15, au wauguzi wao, huenda na wao mmoja mmoja walijiambia ah mtoto mmoja tu nitajisumbua nini.

Lakini sitaki nikupambie. Kuna upande wa pili na wewe umeuona kwa macho, Jumanne ya watoto wawili. Ni kweli habari ya madhara ikitoka vibaya inaua chanjo, na chanjo ikifa surua inaua watoto. Samoa, nchi ndogo ya visiwa huko Pasifiki yenye watu kama 200,000, mwaka 2018 watoto wachanga wawili walifariki mara tu baada ya kuchomwa. Chanjo yenyewe haikuwa na shida, wauguzi waliichanganya na dawa ya kulegeza misuli ya chumba cha upasuaji badala ya maji yake. Serikali ikasimamisha chanjo ile kwa miezi, wazazi wakaogopa, waliochanjwa wakawa wachache, na mwisho wa 2019 surua ikaingia ikaua watu 83, wengi watoto chini ya miaka mitano. Sasa mfawidhi wako akisikia Samoa atasema unaona, ndo maana nasema nyamaza. Mtu mwingine akisikia Samoa hiyo hiyo atasema unaona, ndo maana inabidi ijulikane haraka kosa ni la kuchanganya ili watu wasiichukie chanjo yenyewe. Wote wana hoja. Nakuachia hapo ulitafune.

Ninachokuuliza ni hiki: hicho kimya mnachokilinda kipo? Maana voisi noti inazunguka. Watu wameshaambiwa mtoto kaharibiwa ubongo, na mtoto mwenyewe anatambaa uani kila mtu anamwona. Nyie wa zahanati ndo pekee ambao hamjasema kitu.

Tuje kwenye friji, ambako nadhani ndo jiwe lilipo. Rafiki yangu anasema, na hili nilitaka ulisikie vizuri, chanjo ya surua ikipata joto haigeuki sumu ya kuleta degedege siku ya tisa, inachopoteza ni nguvu. Kinachotisha kwa surua ni chupa iliyochanganywa ikakaa zaidi ya saa 6, hapo wadudu wanaweza kuota ndani na mtoto anaumwa vibaya haraka, sio baada ya wiki nzima. Kwahiyo umeme wa wikiendi ile kwa mtoto wa wifi huenda hauna kesi kabisa. Lakini wale wengine 7 wa Jumanne ile? Na waliochomwa wiki ile chanjo nyingine? Kama friji ilipata joto kweli basi kuna watoto hapo mtaani wana alama kwenye kadi na hawana kinga mwilini, na mama zao wanajua wamemaliza. Hilo kwenye barua yako halipo na sikulaumu, umeangalia palipokuwa panawaka. Pia huenda hakuna kilichoharibika. Friji nyingi za chanjo zimetengenezwa zishike ubaridi hata umeme ukikata, usipofungua mlango. Kile kibandiko cha kuonyesha joto kwenye chupa, mraba mdogo ndani ya duara, ulikuta mraba bado ni mweupe kuliko duara siku ile ulipoichanganya? Ulikiangalia? Na kama friji yenu ina kile kidude kinachorekodi joto chenyewe, kinakumbuka siku 30 hivi, kile hakina mkataba wala mfawidhi. Sijui barua hii itakukuta siku ya ngapi.

Kwahiyo una njia kadhaa na hakuna hata moja iliyonyooka.

Unaweza kumrudia mfawidhi kwanza, sio mbele ya watu, na sio kwa kumuomba ruhusa ya fomu bali kwa kuongelea friji. Mwambie hata wewe una saini pale. Mtu mzima aliyekamatwa anapigana, mtu mzima aliyeambiwa "tumekosea wote wawili tunafanyaje" wakati mwingine anakaa chini. Umesema mwenyewe ni mzee mzuri, na mimi nakuamini, watu wazuri wanajaza nyuzi 4 nyuzi 4 wakiwa na hofu. Pengine akipiga simu yeye mwenyewe kwa divo, akasema umeme ulikata na tuna mtoto alilazwa, ataonekana mtu anayejua kazi yake. Hatari ni kwamba anaweza kukasirika, na kuanzia siku hiyo ajue unawaza nini, na kitabu kile kikapotea.

Unaweza kwenda kwa divo moja kwa moja. Fomu hata ikichelewa inapokelewa. Hatari unaijua, mwezi wa sita, na itajulikana nani kaandika maana mko wangapi hapo. Na ile saini itakuuliza na wewe.

Kuna njia ambayo labda hujaiwaza, kwamba mzazi naye anaweza kutoa taarifa TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mwenyewe, sio lazima ipitie mkononi mwako, na ofisi yao ya kanda ya kaskazini iko hapa hapa Arusha. Lakini ili wifi atoe taarifa lazima ajue kuna cha kutaarifu, na hapo tumerudi jikoni kwenye ndizi. Na nikwambie ukweli, ukimtumia wifi ili jina lako lisionekane na asijue kwamba anatumika, siku akijua utakuwa umemdanganya mara mbili.

Na ndio, unaweza kukaa kimya. Sikuchekei. Una watoto wawili na ada, mume wako anaongea kama mtu anayelipa ada. Mtoto kapona. Upepo wa voisi noti huwa unapita. Ila hesabu na hiki: ile karatasi iko ndani ya kadi na kadi inafunguliwa kila mwezi akipimwa uzito. Wifi akija kuisoma mwenyewe, au mhudumu mwingine akimsomea, hatakumbuka degedege. Atakumbuka alikuuliza.

Kuhusu wifi sasa, maana nahisi hapa ndo panauma kuliko friji. Unadhani kumwambia ukweli ni kumwambia "sindano yangu ilimfanyia hivi mwanao". Mbona hata wewe hulijui hilo? Ukweli unaoujua ni mdogo zaidi, nao unabebeka. Kwamba kipimo cha malaria kilikuwa safi. Kwamba chanjo hii homa yake huwa inachelewa, na siku ile kwenye foleni hukumwambia, ulimwambia leo na kesho, kwahiyo ilipokuja siku ya tisa alikuwa peke yake. Mi nadhani hilo ndo deni lako halisi, na ni dogo kuliko unalolibeba. Angejua angekuita saa kumi na mbili jioni badala ya saa nne usiku. Pengine degedege lingekuja tu, kushusha homa hakujathibitika kulizuia, lakini asingekuwa anafikiria meno.

Atakasirika? Huenda, na inaweza isiwe siku moja. Anaweza kumwambia mama mkwe na mama mkwe akapata la kusema mpaka Krismasi.

Lakini mama mkwe naye usimuweke kwenye kapu la wajinga. Mi nimezaliwa Pangani nimeletwa huku na ndoa, kwetu degedege lilikuwa la ndege, dege linapita juu linamchukua mtoto, na ilikuwa mwiko kabisa mtoto wa degedege kuchomwa sindano, wazee walisema sindano ndo inammaliza. Mdogo wangu mmoja alifichwa uvunguni nesi asimwone, nakumbuka miguu yake tu inatokeza. Walikuwa wanaona watoto wanapelekwa hospitali wakiwa wameshachoka, wanachomwa, wanakufa, wakaunganisha. Baada ya, kwa sababu ya. Ni hesabu ile ile ya mfawidhi wako, tofauti ni jibu tu. Huyo bibi ukimwambia "umekosea" utashindwa. Ukimwambia "ni kweli mama, homa inaweza kuwa ya chanjo, tumekuwa tukisema leo na kesho kumbe inachelewa", sidhani kama ameshawahi kusikia mtu wa zahanati akimwambia ni kweli mama. Miezi 18 bado iko mbali, na degedege la homa la aina ile halimzuii mtoto dozi ya pili, mnaenda tu mnamweleza daktari historia. Hilo sio la kubishania leo kwenye kihamba.

Na lile grupu la jumuiya kwa sasa ningekuwa mimi ningeliacha kwanza, kujibu voisi noti kwa voisi noti ni kumwaga petroli, labda baadaye wifi mwenyewe akitaka ampige mtoto picha akiwa amekamata sufuria.

Ila kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji fomu wala ruhusa ya mtu, na Jumanne iko karibu. Yale maneno ya kwenye foleni. "Hii ya surua homa yake inaweza kuja baada ya wiki, mpaka siku ya 12, akichemka mpunguzie nguo mpe panado, akikakamaa mlaze ubavu usimtie kitu mdomoni mlete." Rafiki yangu amepima kwa saa, ni sekunde 15. Anasema kuna wauguzi wanaogopa kuyasema wakidhani wanamtisha mama. Yeye ameona kinyume chake, aliyeambiwa mapema homa ikija anasema ahaa ndo hii, asiyeambiwa anasema wamemfanya nini mwanangu. Hata kama watakuja wawili tu, na mmoja ndo yule wa mwalimu mgeni.

Mengine yote, kazi yako, mzee wako, saini yako, ni wewe ndo unalala na kuamka nayo, mi siwezi kukuamulia nikiwa nimekaa hapa Sakina na chai yangu. Niandikie tena, hata mistari miwili. Na uniambie, ile karatasi yenye alama ya kuuliza bado imekunjwa ndani ya kadi, au wifi ameshaitoa?

Shangazi